Nikisafiri peke yangu nitajipata, au nitakuwa nimekimbia msiba?

*"Shikamoo dada. Nina miaka 36, naishi Tabata, ni mhasibu kwenye kampuni ya bima pale Posta. Nimemuuguza mama yangu miaka sita, miwili ya mwisho kwa saratani, kliniki zetu zikiwa Ocean Road. Amefariki miezi minane iliyopita. Wadogo zangu wana familia zao, mimi sijaolewa. Tangu tuanue matanga nafanya kila kitu kama kawaida ila sijisikii kuwa mtu. Nikiulizwa nataka kula nini, sina jibu. Simu yangu bado inalia saa 3 usiku, imeandikwa 'Dawa ya mama', na siwezi kuifuta. Nimeanza kuangalia video za wanawake wanaosafiri peke yao, wanasema wamejipata, wamekutana na Mungu. Nina akiba ya shilingi milioni 6. Nafikiria kuacha kazi niende Bali wiki tatu au nne. Mama mdogo anasema mwanamke anayesafiri peke yake anatafuta aibu. Mchungaji anasema Mungu wa Bali ndiye wa Tabata. Rafiki yangu kazini anasema nakimbia msiba. Dada, safari kama hii kweli inaweza kunikuza kiroho nikajijua upya, au najidanganya?"*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Na pole kwa ile miaka sita, maana kwenye misiba yetu watu hutoa pole ya kifo, lakini ya kuuguza wanaisahau.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale penye alamu ya saa 3 usiku. Nitairudia.

Umeuliza swali moja lakini ndani yake naona matatu: kama ni heshima mwanamke kusafiri peke yake, kama huko ni kukimbia, na kama safari yenyewe inafanya kazi. Nikupe jibu langu mapema ili usisome kwa wasiwasi. Ndiyo, safari ya peke yako inaweza kukusaidia, na hali uliyonayo ni ya wale inaowafaa. Lakini haitafanya kazi kwa namna ulivyoona kwenye video. Usiache kazi kwa ajili yake. Na Bali iache kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa mjini kijana akisema "bado najitafuta" anamaanisha hajapata riziki ya kueleweka, na ukisikia fulani "amejipata" ujue kanunua gari au kiwanja Kigamboni. Nalitaja kwa sababu linatuvuta fikra bila sisi kujua. Tunadhani nafsi ni kitu kilichodondoka mahali, kinasubiri mwenyewe aje akiokote. Video zako zinaiendeleza dhana hiyo hiyo: alikwenda, akaikuta ufukweni, akapiga picha. Nimekaa kiti hiki cha ushauri miaka 22 na sijamwona hata mmoja aliyeikuta nafsi yake mahali. Nilioona ni watu waliofika pasipo na mtu wa kuwaita "dada mkubwa", "mama fulani" au "bosi", halafu wakaanza kusikia kitu ambacho kilikuwa kinasema nao siku zote kwa sauti ya chini.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria nyumba yenu. Unaamka, na kabla akili haijakaa sawa miguu imeshaelekea chumba cha mama. Ubongo wa binadamu ni mbahili. Jambo ukilirudia mahali pale pale, saa ile ile, unaacha kulifikiria na kuliacha lijiendeshe, likichochewa na vitu vya mahali hapo: kitasa cha mlango, harufu ya Dettol, mlio wa simu. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha gari kutoka Posta hadi Tabata asikumbuke alivyopita Buguruni. Miaka sita ya kuuguza imejenga ndani yako mtambo mzima wa namna hiyo, nao ulikuwa na swali moja tu: mama anahitaji nini sasa? Mama amepumzika, mtambo bado unazunguka. Ukiulizwa unataka kula nini ukakosa jibu, si kwamba nafsi imekufa. Ni kwamba kwa miaka sita hakuna aliyekuelekezea swali hilo, hata wewe mwenyewe hukujiuliza.

Sasa ukienda ugenini, vile vichocheo havipo. Lazima uangalie. Bafu liko wapi, ndizi zinauzwaje, njia hii inatokea wapi. Makini iliyolala inaamka. Na maamuzi madogo madogo yanakurudia mkononi: nile wali au ugali, nishike kushoto au kulia, niendelee kukaa hapa au niondoke. Kwa mtu aliyeishi kwa ratiba ya mgonjwa, hayo maamuzi madogo ndiyo dawa yenyewe. Usiyadharau ukingoja jambo kubwa.

Kwa hiyo kazi ya safari ni kupunguza. Inakuondolea sauti, majina na ratiba. Na hapa ndipo video zinapokuficha jambo zito: vitu hivyo vikishaondoka, kinachojitokeza kwanza mara nyingi si amani. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha majaribio ambamo watu walikaa chumbani peke yao dakika 15 bila simu wala kitabu, wakiwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme. Walikuwa wameshaionja shoti hiyo na kusema wako radhi walipe pesa wasiipate tena. Hata hivyo wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Kukaa na mawazo yako mwenyewe ni kazi ngumu kiasi hicho, na hao hawakuwa wamefiwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibu na kwetu. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliondoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, peke yake, akiwaacha wazazi hai. Anasimulia kwamba alipofika Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wageni, kila mmoja akasalimiana na anayemjua, na yeye hakuwa na wa kumsalimia. Akalia kwa uchungu hadi mmoja wa mahujaji akamwona, akamsogelea, akamsalimia na kumpa moyo. Huyo ndiye mtu aliyekuja kutembea takriban miaka 30. Basi ukifika uendako, usiku wa kwanza ukalia juu ya kitanda cha kukodi, usijione umeshindwa safari.

Mimi pia nililia. Mwaka ambao ndoa yangu ilivunjika nilikwenda Lushoto peke yangu, na ninayokuambia sikuyasoma tu. Jioni ya kwanza niliingia mgahawani, kijana akaniuliza, "Mko wangapi, mama?" Nikatazama kile kiti cha mbele yangu nikamjibu, "Nasubiri mtu." Sikuwa na mtu wa kumsubiri. Nilikula haraka haraka kama mwizi, nikalipa, nikaondoka. Siku mbili zilizofuata sikumbuki nilichofanya zaidi ya kulala. Siku ya nne niliagiza chai pale pale, ikaletwa na bakuli la sukari pembeni, nikaizuia mikono. Ghafla nikajiuliza kwa nini sitii sukari. Nilikuwa nimekunywa chai isiyo na sukari miaka tisa kwa sababu mwenzangu hakutaka sukari nyumbani kwake. Daktari hakunikataza, na ladha yake siipendi. Nikatia vijiko viwili. Ukinisikia nasema safari ilinikuza, ninaongelea vile vijiko viwili na yale yaliyofuata baada yake, miezi mingi, nikiwa nimesharudi hapa hapa Dar.

Sasa rafiki yako anayesema unakimbia msiba. Ana nia njema, lakini msiba haufanyi kazi anavyodhani. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza kwamba anayeomboleza vizuri huenda na kurudi kati ya hali mbili. Kuna wakati anaukabili msiba wenyewe: analia, anakumbuka, anatazama picha. Na kuna wakati anaupa mgongo na kujishughulisha na maisha: anajifunza kitu kipya, anapanga nyumba, anacheka. Kurudi huko na huko ndiko kupona. Anayelia tu anazama, na asiyelia kabisa naye ana lake linalomsubiri. Kwa hiyo kuupa msiba mgongo siku chache si dhambi wala si woga.

Kukimbia kupo, na kuna alama zake. Anayekimbia hana tarehe ya kurudi. Anaficha anakokwenda. Anakata kila kamba nyuma yake: kazi, nyumba, watu, ili asiwe na pa kurudia. Nisamehe nikisema wazi, mpango wako wa Bali jinsi ulivyo leo una alama moja kati ya hizo, nayo ni kuacha kazi. Huna haja nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 yenye malipo, na nina mashaka kama miaka hii ya kuuguza uliwahi kuitumia kwa kupumzika. Safari itakayokufaa inaingia ndani ya siku hizo na nyingine zitabaki.

Kuhusu mama mdogo. Usimjibu kwa hasira. Anaogopa, na hofu yake ina msingi, maana mwanamke peke yake barabarani anakabiliwa na mambo ambayo mwanamume hayafikirii. Lakini akisema kujitenga peke yako si mila yetu, hapo hayuko sahihi. Hapa Uzaramoni, kwenye ardhi hii hii tuliyoijengea magorofa, binti akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Mwali hakuonekana na watu. Alikaa huko muda mrefu, akifundwa na somo wake, yaani kungwi, halafu akatolewa kwa ngoma na vigelegele, mji mzima ukimpokea akiwa mtu mwingine. Arnold van Gennep, aliyeandika juu ya mila za namna hiyo mwaka 1909, aliona jamii nyingi duniani zikifuata hatua zile zile tatu: mtu anatengwa na maisha yake ya zamani, anakaa katikati akiwa si wa huku wala si wa kule, halafu anarudishwa.

Naomba ukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo ninalotaka uondoke nalo. Safari za kwenye video zina hatua mbili tu. Mtu ametengwa, mtu amekaa katikati kwenye machweo, basi. Anarudi kimya kimya usiku, kesho yupo kwenye daladala, na hakuna anayejua kwamba amerudi tofauti. Mwali hakujitoa mwenyewe nje. Alikuwa na somo aliyejua ameingiaje na sasa anatokaje. Ndiyo maana nakuomba, mdogo wangu, utafute somo kabla hujatafuta tiketi.

Mchungaji wako naye ana haki: Mungu wa Tabata ndiye wa kila mahali. Ila hata Maandiko yamejaa watu walioitwa pembeni. Msome tena Eliya kwenye Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Yule kweli alikuwa anakimbia. Alimwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti akaomba afe. Tazama alichofanyiwa kwanza. Hakuhubiriwa. Alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Ndipo akaenda hadi mlima Horebu, na kule akaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Baada ya upepo, tetemeko, moto na ile sauti ya utulivu, neno alilopewa lilikuwa arudi alikotoka, na akapewa Elisha wa kuwa naye. Wasomaji wangu Waislamu wanajua habari iliyo sawa na hii: Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akijitenga pangoni Hira, na wahyi ulipomshukia alirudi nyumbani akitetemeka, na Khadija ndiye aliyemfunika na kumtuliza. Pango lilikuwa na Khadija wake. (Dada wa Kiislamu anayesoma hapa na kujiuliza habari ya kusafiri bila maharimu, hilo mpelekee shehe au ustadhati unayemwamini. Si langu kulitolea fatwa.)

Zungumza na mchungaji kwa namna hiyo. Usimwambie unakwenda kumtafuta Mungu, kwa sababu atasikia kwamba kanisani humwoni. Mwambie umechoka, unataka kulala, kula na kunyamaza, na unaomba akuombee ukiwa njiani.

Tuje kwenye Bali. Siichukii, ni mahali pa watu wa imani kweli kweli. Lakini nikuambie jambo moja kuhusu wenyeji wa kule. Siku yao kubwa ya ukimya, Nyepi, huadhimishwa mara moja kwa mwaka. Kwa saa 24 hawawashi moto, hawafanyi kazi, hawajiburudishi na hawasafiri. Hata uwanja wa ndege unafungwa. Wanakaa majumbani mwao. Watu wanavuka bahari kwenda Bali kutafuta utulivu, na wenyeji wanaupata kwa kutotoka mlangoni. Kwa hiyo umbali haukupi kina. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja, utabadilisha ndege kwenye viwanja vikubwa ukiwa na huzuni ya miezi minane na lugha isiyo yako, na sehemu kubwa ya akiba yako itaishia kwenye nauli. Ukiugua homa siku ya tano, nani atakuja?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Hajo Adam na wenzake ulionyesha kwamba kuishi ugenini humsaidia mtu ajijue kwa uwazi zaidi, kwa sababu hulazimika kujiuliza lipi ni lake na lipi alilibeba tu kutoka kwao. Kilicholeta tofauti kilikuwa ni muda aliokaa, wala si wingi wa nchi alizopita. Wale walikuwa watu walioishi ugenini, si wa likizo, kwa hiyo siwezi kukuahidi matunda hayo kwa safari ya siku chache. Lakini fundisho nalichukua: chagua mahali pamoja, ukae. Usizunguke vituo vitano kwa wiki. Na upande wa pili wa mizani, mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi waliowafuatilia watu zaidi ya 1,500 walikuta kwamba baada ya likizo wengi hawakuwa na furaha kuwazidi waliobaki nyumbani. Likizo peke yake huyeyuka upesi. Ndiyo maana nasisitiza habari ya kurudi.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mwanzo, siku mbili Bagamoyo, mwisho wa wiki moja tu, kama majaribio. Ni karibu, ukielemewa unarudi jioni ile ile. Wapo wanaosema jina la mji ule limetokana na kubwaga moyo, na waliokuwa wakibwaga mioyo yao pale walikuwa na sababu nzito kuliko zetu. Tembea Kaole penye magofu asubuhi jua likiwa bado dogo, kaa kwenye bustani ya misheni ya zamani, ile iliyoanzishwa mwaka 1868. Kula peke yako mezani bila simu. Usiku ule utakufundisha kama uko tayari kwa safari ndefu.

Kama Bagamoyo imepita salama, chukua siku tisa au kumi Lushoto, au kwingine unakopenda penye baridi na milima. Naisema Lushoto kwa sababu naijua. Panda basi la alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi, upite Chalinze, Segera, Korogwe penye mashamba ya mkonge, na Mombo uanze kupanda kona za Soni. Utasikia masikio yanaziba na hewa inabadilika dirishani. Fika jua likiwa bado lipo, hiyo ni sharti. Nyumba ya kulala uwe umeshaipata na kuongea na mwenyeji kwa simu. Mtu wa njiani akikuuliza, kuna ndugu anakusubiri. Msituni na milimani usiende bila mwongoza njia anayejulikana, hata kama njia inaonekana nyeupe. Bodaboda mwombe mwenyeji akuitie anayemjua. Pesa zisikae pamoja zote. Kila jioni saa moja tuma ujumbe kwa mtu mmoja tu Dar: "Nipo salama." Akikosa ujumbe huo ajue la kufanya, na namba ya dharura ni 112. Kwa maisha ya kawaida Lushoto siku hizo hazitafika hata robo ya akiba yako.

Siku mbili za mwanzo lala. Siku ya tatu inakuwa ngumu, nimeliona hili kwa wengi: usingizi umeisha, uzuri wa milima umeshazoeleka, na huzuni inaingia bila hodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nakuambia ujipe wewe mwenyewe. Mwombe mwenyeji umsaidie kazi. Mimi nilipewa sinia la maharage nichambue, nikakaa na bibi mmoja barazani, yeye akinisimulia Kisambaa kilichochanganyika na Kiswahili, mimi nikitupa vijiwe pembeni. Mikono ikifanya kazi, machozi yanatoka bila kukuzamisha. Kuwa peke yako siku tisa si lazima uwe bila watu siku tisa.

Kuhusu kukua kiroho, sina mengi ya kukupangia. Chukua daftari na jioni andika mambo mawili: leo nimetaka nini, na leo nimemkumbuka mama wapi. Ukisali, sali kwa kifupi. Usiende ukidai ishara. Na ukikutana na mtu yeyote, awe nabii, mwalimu au mganga, anayekwambia ameoteshwa habari zako, akataka pesa au akakuambia usimwambie mtu, ondoka hapo siku hiyo hiyo.

Sasa nakuuliza jambo, na nakuomba ujijibu kwa ukweli. Umeandika "sijisikii kuwa mtu". Je, imewahi kukujia kwamba bora usiamke, au umfuate mama? Umewahi kufikiria namna ya kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, safari hii isubiri. Usiende milimani peke yako. Mwambie mtu leo, na uende ana kwa ana: idara ya magonjwa ya akili Muhimbili, au uulizie kitengo cha afya ya akili Amana, ambayo ndiyo iliyo karibu nawe, au Mwananyamala au Temeke. Vivyo hivyo kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi umekukimbia karibu kila siku, chakula hakipiti, kazini huwezi kitu, unajilaumu mchana na usiku kwamba ulimuua wewe kwa kukosea dozi. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Ukitibiwa ndipo safari itakuwa na maana.

Na kama katika maisha yako au ya ndugu zako wa damu kuna aliyewahi kusikia sauti au kuchanganyikiwa, zungumza na daktari kabla. Ukimya, kufunga na kukosa usingizi vinaweza kuamsha ugonjwa uliolala. Kati ya mwaka 1980 na 1993 madaktari wa Jerusalem walipelekewa watalii wapatao 1,200 waliochanganyikiwa katika mji ule mtakatifu, na 470 kati yao wakalazwa, wengi wakiwa na matatizo ya akili tangu makwao. Sikutishi. Nataka uende ukiwa na nguvu za kutosha kurudi.

Habari ya somo. Asiwe mdogo wako, wala rafiki wa kazini ambaye ameshatoa hukumu. Tafuta mwanamke aliyekuzidi umri, aliyewahi kuuguza na kuzika, anayejua kunyamaza. Pengine ni mmoja wa mama wa jumuiya, pengine jirani. Kwa kweli nilivyosoma barua yako nilijiuliza kama mama mdogo mwenyewe hawezi kuwa ndiye. Naye amefiwa na dada yake, na hofu yake inaweza kuwa ni ya kupoteza wa pili. Mwambie unakokwenda, tarehe ya kurudi, na kwamba Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi utakuja kwake ule chakula na umsomee ulichoandika. Mwambie akupikie utakachotaka wewe, na uende ukiwa na jibu.

Na ile alamu. Usiifute kwa sababu mtu kakuambia ufute, hata mimi. Nenda nayo. Itakapolia saa 3 usiku uko Lushoto, hakuna dawa ya kutoa, hakuna chumba cha kukimbilia. Iache ilie hadi iishe yenyewe, umtaje mama kwa jina lake, halafu ujiulize mwili wako saa hiyo unahitaji nini: maji, blanketi, usingizi, kulia. Jipe hicho. Siku utakayoona uko tayari kubadilisha yale maneno matatu kwenye simu, niandikie uniambie umeweka yapi.